Mti Ndio Unaodai Miaka, si Mwalimu

Masahiko Kimura, mmoja wa wasanii wanaoheshimiwa zaidi duniani katika bonsai, sanaa ya Kijapani ya kulea miti midogo vyunguni, alikabidhiwa kwa mwalimu wake akiwa na umri wa miaka 15. Mwalimu huyo, Motosuke Hamano, alikuwa na bustani iitwayo Toju-en katika kijiji cha bonsai cha Omiya, kaskazini ya Tokyo, na kijana Kimura alikaa naye miaka 11 kabla ya kujitegemea. Siku hizi muda umefupishwa. Utaratibu uliozoeleka Japani ni miaka mitano ya uanagenzi, ikifuatwa na mwaka mmoja wa kumtumikia mwalimu kwa shukrani, ndipo mwanagenzi ahesabiwe kuwa fundi kamili. Hata baada ya kufupishwa hivyo, wapenzi wengi wa sanaa hii walioko Ulaya na Marekani husema kwamba miaka sita ni mingi mno, kwamba ni mabaki ya zama za mabwana na watumwa, na kwamba mtu mwenye akili anaweza kuyapata maarifa yote hayo kwa miaka miwili akifundishwa vizuri.

Mimi sikubaliani nao, ingawa naielewa hasira yao. Naona wamefunga katika fungu moja mambo mawili ambayo yangepaswa kutenganishwa: urefu wa mafunzo na ukali wa mafunzo. Urefu unatokana na mti wenyewe. Ukali unatokana na watu, na watu wanaweza kuuacha.

Tuuangalie msonobari mweusi wa Kijapani, mti ambao kila mwanagenzi hukutana nao tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa kiangazi, fundi hukata vichipukizi vyote vya majira ya kuchipua ili mti ulazimike kuchipua upya katika muda mfupi uliobaki kabla ya baridi. Vichipukizi hivyo vya pili hutoa majani mafupi zaidi, na ni ufupi huo wa majani unaoufanya mti wa kimo cha goti uonekane kama jitu lililosimama ufukweni kwa karne nyingi. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kila mti. Mti dhaifu ukikatwa hivyo hupoteza matawi, na hata ndani ya mti mmoja kilele huwa na nguvu kuliko matawi ya chini, kwa hiyo fundi hulazimika kupima nguvu ya kila tawi, kisha katika majira ya kupukutika hung'oa majani ya zamani, mengi juu na machache chini, ili nguvu ishuke kule inakotakiwa. Yote haya hufanyika mara moja kwa mwaka. Mwanagenzi wa miaka mitano atayaona mara tano tu, na mwaka wa kwanza huenda asiguse kitu, afagie tu majani yaliyoanguka huku akitazama mikono ya wakubwa wake. Kosa alilolifanya katika kiangazi cha mwaka wa pili atalielewa katika mwaka wa tatu, tawi litakapokataa kuchipua. Nahodha wa jahazi hujifunza kusi na kaskazi kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa pepo hizo zina msimu wake na hakuna chuo kinachoweza kuziharakisha.

Hali ni hiyo hiyo katika kumwagilia maji, jambo ambalo mgeni hulidharau. Mafundi wa Japani wana msemo, mizuyari sannen, yaani kumwagilia huchukua miaka mitatu kujifunza. Bustani ya kitaalamu huwa na mamia ya vyungu, vingine vipana na vyenye kina kifupi, vingine vidogo kama kikombe, kila kimoja na udongo wake, mti wake na mahali pake juani au kivulini. Mreteni uliohamishwa chungu mwezi uliopita haunywi kama ule ambao mizizi yake imejaza chungu kwa miaka minne. Mwanagenzi anatakiwa akikipita kila chungu akisome na kuamua, naye huamua hivyo mara kadhaa kwa siku wakati wa joto, kwa sababu alasiri moja ya uzembe inaweza kuua mti uliolelewa na watu wanne waliokwisha kufa. Sioni namna ya kulifundisha hili kwa kitabu, wala kwa video, na nasema hivyo huku nikizithamini sana video.

Juu ya kuzungushia matawi waya ili kuyapa umbo, kukunja matawi mazito na kuchonga sehemu zilizokufa za mti, hata mimi nakiri kwamba mtu mwenye kipaji huweza kwenda haraka. Huko ndiko Kimura alikowashtua wazee wake alipoanza kutumia mashine za umeme kuchonga mireteni, na vijana wengi huvutiwa na bonsai kwa ajili ya sehemu hiyo yenye mshindo. Lakini mti uliokunjwa leo huhitaji miaka ya kutunzwa ili uthibitishe kwamba mkunjo ule ulikuwa sahihi. Anayeondoka mapema huondoka na ujuzi wa kuanzisha kazi, bila kuona jinsi kazi inavyokomaa.

Ukali sasa. Wahitimu kadhaa wa kigeni wamesimulia hadharani maisha ya uanagenzi: kuamka kabla ya jua, kufanya kazi hadi usiku, siku chache mno za mapumziko kwa mwezi, chakula na malazi na posho ndogo isiyotosha kitu, na katika baadhi ya bustani kufokewa na kudhalilishwa mbele ya wengine. Baadhi yao huja kuutetea udhalilishaji huo baadaye, wakisema uliwaimarisha. Nawaheshimu kwa walichokivumilia, ila siuamini utetezi huo. Msonobari haujui kama aliyekata vichipukizi vyake alitukanwa asubuhi. Kinachoufaa mti ni umakini, na mtu aliyechoka kupita kiasi hupungukiwa na umakini kwanza kabla hajapungukiwa na kitu kingine. Zaidi ya hapo, mafunzo yasiyo na malipo huchuja watu kwa mifuko yao badala ya vipaji vyao: anayeweza kuishi ughaibuni miaka sita bila mshahara ni yule ambaye nyumbani hakuna anayemtegemea. Sanaa inayochagua warithi wake kwa njia hiyo inajinyima yenyewe.

Wapo waliovuka na kufanikiwa, nao wanastahili kutajwa. Kathy Shaner wa California, mwanafunzi wa Yasuo Mitsuya, alikuwa mgeni wa kwanza kutambuliwa na Chama cha Bonsai cha Japani kuwa mtaalamu kamili, jambo kubwa hasa kwa mwanamke katika kazi iliyotawaliwa na wanaume. Michael Hagedorn alikuwa mfinyanzi wa vyungu vya bonsai kabla ya kwenda kwa Shinji Suzuki huko Obuse. Bjorn Bjorholm alifunzwa na Keiichi Fujikawa mjini Osaka, akabaki kufanya kazi huko huko Japani baada ya kuhitimu. Ryan Neil alikaa kwa Kimura miaka sita, kisha akarudi Marekani akaanzisha bustani yake ya Mirai katika jimbo la Oregon mwaka 2010.

Tazama sasa wanavyopata riziki, maana hapa ndipo wanaoota kazi hii hukosea. Nchini Japani fundi haishi kwa kuuza miti yake tu. Huishi kwa kuitunza miti ya matajiri, kuihifadhi bustanini mwake, kuitafutia wanunuzi, na kuiandaa kwa maonyesho, hasa Kokufu-ten, yaliyoanza mwaka 1934 na ambayo hufanyika kila Februari katika Jumba la Sanaa la Jiji la Tokyo, huko Ueno. Fundi anaweza kuutumikia mti mmoja kwa miaka kumi ukiwa unaandaliwa kwa onyesho hilo, na siku ya onyesho kibao kikabeba jina la mwenye mti. Ndiyo maana mafundi wana onyesho lao lingine, Sakufu-ten, ambamo kazi zao wenyewe hushindanishwa. Ughaibuni wateja wa namna hiyo ni wachache, kwa hiyo mhitimu hugeuka mwalimu anayesafiri: Jumamosi yuko na kikundi cha wapenzi katika mji huu, Jumapili mji mwingine, na katikati ya wiki anarekodi masomo ya mtandaoni. Neil ameonyesha kwamba masomo hayo ya kulipia yanaweza kuibeba bustani nzima, nami naona hilo ni jambo jema, kwa sababu limempunguzia fundi utegemezi kwa tajiri mmoja mmoja.

Kuna faida nyingine ya kurudi nyumbani ambayo haisemwi vya kutosha. Mhitimu hukuta miti ambayo mwalimu wake hakuwahi kuigusa, naye hulazimika kuanza tena kusoma. Neil alikabiliana na misonobari na mireteni ya milima ya Marekani. Afrika Kusini wakuzaji, akiwamo Charles Ceronio wa Pretoria, walikataa kuilazimisha miti ya nyika ifanane na miti ya milima ya Japani, wakalipa umbo la mbuyu nafasi yake miongoni mwa mitindo ya bonsai. Kwetu Afrika Mashariki waridi la jangwani huota porini, huku wakuzaji wa Thailand wakiwa wamelifanya zao la kibiashara la vyunguni. Anayetaka kuufanyia kazi mmea huo hana sababu ya kukaa miaka sita Saitama, mkoa wenye kijiji cha Omiya, lakini hawezi kuikwepa miaka sita kando ya mimea yenyewe.

Nimebakiza mawe, nayo ndiyo yanayonisikitisha. Suiseki, mawe ya kutazamwa, ni ndugu wa bonsai aliyesahauliwa. Mwaka 1976, Japani ilipoipa Marekani zawadi ya miaka 200 ya uhuru, ilipeleka Washington bonsai 53, pamoja na mawe sita. Miongoni mwa bonsai hizo ulikuwamo msonobari wa familia ya Yamaki, unaolelewa chunguni tangu mwaka 1625 na ulionusurika bomu la Hiroshima. Watu wengi wanaujua msonobari huo. Mawe ni wachache wanaoyakumbuka.

Msanii wa suiseki hachongi jiwe. Hulitafuta mtoni, kama vile katika Mto Kamo wa Kyoto, akikagua mawe mengi mno kabla ya kuokota moja lenye umbo la mlima wa mbali, kibanda au maporomoko ya maji. Kisha huliweka nje juu ya ubao, akilinyeshea maji na kuliacha juani kwa miaka hadi ngozi yake itulie na kupata rangi ya uzee. Mwishowe hulichongea daiza, kitako cha mbao kinachofuata kila kibonyo cha sehemu ya chini ya jiwe kiasi kwamba jiwe huonekana limeota hapo. Mawe mengine huwekwa juu ya sinia la mchanga. Lipo jiwe katika Jumba la Sanaa la Tokugawa mjini Nagoya, liitwalo Yume no Ukihashi, ambalo husimuliwa kwamba Mfalme Go-Daigo wa karne ya 14 alilibeba uhamishoni. Thamani ya jiwe kama hilo iko katika jicho lililoliona kwanza na mikono iliyolihifadhi baadaye.

Hata hivyo, kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii hana lango la kubisha kama la bustani za bonsai. Wengi wanaoifahamu suiseki kwa kina ni wakusanyaji wenye kazi nyingine, wafanyabiashara wa vitu vya sanaa, na mafundi wa daiza ambao wengi wao wamezeeka. Mti usipotunzwa hufa na kila mtu huona hasara. Maarifa ya mawe yakifa, jiwe hubaki pale pale, na hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo ningependa majumba yanayohifadhi bonsai, likiwamo lile la Washington, yaajiri mwanagenzi wa mawe kwa mkataba wa maandishi, wenye mshahara na siku za mapumziko, akae miaka ile ile mitano ambayo mwenzake wa miti hukaa, na atumie sehemu ya muda huo kwa fundi wa daiza nchini Japani. Ningependa pia kibao cha maonyesho kiwe na mistari miwili: mmoja wa mmiliki, mwingine wa aliyelea.