Wageni wa likizo Pemba: tupunguze kuzunguka majumba, tuonane shamba na pwani

Ukifika mwezi wa saba Pemba tunajaa jamani. Wanakuja wa Muscat wanakimbia joto la kwao, wanakuja wa London na Toronto kwa sababu skuli zimefungwa, wanakuja wa Dar na Mombasa kwa sababu tu wamesikia fulani kaja na wao hawataki kupitwa, na kila mmoja ana orodha ya majumba ambayo lazima ayapite kabla hajaondoka la sivyo atasemwa mpaka mwakani. Basi likizo yote ni kuvua viatu na kuvaa viatu. Asubuhi kwa shangazi Wete, adhuhuri kwa ami Chake, alasiri kwa jamaa wa mama kule Kengeja, na kila nyumba ni soda, halua, sambusa, mkate wa ufuta, na ukisema umeshiba unaulizwa, "Kwa fulani ulikula, kwetu unaona kinyaa?"

Mimi nasema waziwazi, hata kama kuna watakaoninunia: hizi ziara za nyumba kwa nyumba zimezidi. Sisemi watu wasiwazuru jamaa zao, kuunga udugu ni amri ya dini na hapo hakuna mjadala. Wazee na wagonjwa wasioweza kutoka wafuatwe majumbani mwao, tena wao ndio wa mwanzo. Lakini hao wengine wote wenye miguu yao, tuwatoe nje.

Sababu kubwa ni karafuu. Wageni wanakuja wakati ule ule ambao, mwaka wa mavuno mazuri, watu hawana hata muda wa kujikuna. Karafuu haingoji mtu, inachumwa kichwa bado kimefumba, ikishachanua ndio imeharibika. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, usiku wamekaa barazani wanachambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, asubuhi wanaanika kwenye majamvi na macho yote juu mbinguni maana wingu likipita tu ni mbio. Sasa katikati ya hayo mgeni anapiga hodi na watoto wake sita. Mwenyeji afanye nini? Ataacha jamvi, atamtuma mtoto dukani kukopa soda, ataingia jikoni, na atatabasamu. Mgeni anaondoka anasema mashaallah ukarimu wa Wapemba, hajui kama amemtia mtu hasara ya siku nzima.

Kwa hiyo mwaka huu sisi tuliwapeleka wageni shamba moja kwa moja. Hakuna sebule. Vijana wa kiume wakaonyeshwa jinsi ya kuvuta tawi bila kulivunja (kupanda juu tuliwakataza, ule mti ni mrefu na si mchezo, watu wanaanguka kila msimu), wadogo wakawekwa kwenye jamvi wachambue. Saa ya mwanzo walikuwa wanalalamika intaneti haishiki, baada ya hapo wakaanza kushindana nani kajaza pishi. Na mazungumzo yaliyotoka pale sijawahi kuyasikia kwenye sebule yoyote. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka, watu wazima wakasimulia mambo wenyewe bila kuulizwa: kimbunga cha 1872 kilivyolala na mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ikasalimika, ndio maana karafuu ikawa ni Pemba, halafu nani alipanda shamba lile, nani aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 akaenda Uarabuni na nani akabaki. Mtoto aliyezaliwa Muscat akajua kwa nini kazaliwa Muscat. Hilo huwezi kulipata ukiwa umekaa kwenye kochi na sahani ya sambusa mapajani.

Ngezi pia twendeni. Nashangaa watu wa Wete na Konde kabisa ambao hawajaingia ule msitu, wanapita pembeni tu kwenda pwani ya Vumawimbi. Ni kipande cha msitu wa asili uliobaki baada ya kisiwa kizima kugeuzwa mashamba, kuna mivule minene na ile mipapindi, miti jamii ya mitende ambayo asili yake ni Pemba tu, na ndani ni baridi kweli. Halafu popo. Popo wa Pemba si hawa vidudu vya darini, ni mkubwa, akikunjua mbawa zake anapita mita moja na nusu, anakula matunda, na hapatikani pengine duniani. Miaka ya tisini walikuwa karibu wamalizike kwa kuliwa na kwa kukatiwa miti, vijiji vikaanza kuwalinda wenyewe, na leo ukienda Kidike unawakuta wananing'inia juu ya miti kwa mamia wanapigiana makelele kama harusi. Watoto wa London hawakutaka kuondoka. Mmoja aliniuliza kwa nini skuli kwao amesomeshwa simba na tembo tu wa Afrika.

Vumawimbi yenyewe sina haja ya kuisifu, mwenye kuijua anaijua. Nitasema tu kwamba shangazi yetu ambaye hajaingia baharini miaka nenda rudi aliingia na dera lake mpaka kiunoni na kutoka ikawa kazi. Ila angalieni maji, nendeni bamvua, siku za maji makubwa, na mjue kwanza yanajaa saa ngapi, si kufika saa ambayo mwenyewe umejipangia kwenye simu halafu unakuta pwani yote imepwa mnalaumiana.

Na hapa niseme kuhusu bahari kwa sababu wageni wetu hawaijui au wamesahau. Kwao joto, kwetu kipupwe, na kipupwe ni upepo wa kusi. Boti ya Unguja kuja Mkoani miezi hii inarushwa hasa ikishapita Nungwi, watu wanatapika mpaka wanatubu. Wapo jamaa zetu ambao tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 hawajapanda chombo tena, wanakuja kwa ndege au hawaji kabisa, na msiwacheke.

Kisiwa kidogo cha Misali ni jambo jingine, kiko upande wa magharibi, Pemba yenyewe inakikinga kidogo. Kutoka Wesha ondokeni alfajiri mapema upepo haujaamka na kila mtu avae laifu jaketi, hata yule anayesema yeye kazaliwa na wavuvi. Mama mkubwa wetu alikuwa hataki kusikia habari za pikiniki, pikiniki ni mambo ya watalii, mpaka alipokumbushwa kwamba Misali ndiko wazee wanakosema Nabii Khidhri aliswali, kisiwa kikawa ndio mswala wake. Basi yeye ndiye akawa wa kwanza garini. Kule tulikuta wavuvi wamepiga dago, kambi yao ya uvuvi, tukanunua samaki kwao, tukachoma mahali waliporuhusu, na wenye kulinda kisiwa wakatuonyesha kasa wanapotagia. Wakatuambia pia wapi hakuvuliwi kabisa. Kuna binamu wa Dubai alitaka kuondoka na makombe mfukoni, akanyang'anywa pale pale na mama mkubwa kabla walinzi hawajasema neno.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeshaambiwa na mjomba: nyumba ni heshima, mtu akija kisiwani asivuke kizingiti chako ni kama hakukuona. Sawa. Lakini mbona mjomba huyo huyo Misali alikaa na ndugu zake kutwa nzima, wakati wakija kwake wanakaa nusu saa jicho kwenye saa? Hajanijibu mpaka leo, na kila nikimpigia simu anasema yuko shamba.

La mwisho ni pesa, tusioneane haya. Boti ya Misali inakodiwa, kiingilio kinalipwa, gari inakula mafuta, na mara nyingi anayeachiwa mzigo ni kijana wa hapa hapa asiyeweza kumwambia ami yake wa Muscat atoe. Ami, toeni. Mnaokuja mwakani fungueni grupu mapema, mchange kabla hamjapanda ndege, na zile soda na biskuti mnazotubebea majumbani badilisheni iwe kitu cha maana, mfano majamvi. Tena muulize kwanza karafuu iko vipi mwaka huo ndio mkate tiketi, na waleteeni watoto masweta, usiku wanatetemeka.