Bibi mpelelezi wa Unguja: uani anafika, lakini amana je?

Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Kizanzibari, alimpa msomaji wa Kiswahili mpelelezi mwanamme: Bwana Msa na kiko chake, msaidizi wake Najum akiwa pembeni. Waingereza nao, tangu riwaya ya 1930, wana Miss Marple, bibi wa kijijini anayefichua mauaji kwa kuwa anawajua vyema majirani zake. Bibi wa namna hiyo, mchangamfu, asiyepitwa na jambo mtaani, je, anasimama katika hadithi ya Unguja?

Wanaokataa wana hoja nzito, nayo ni sitara. Bibi wetu anajua mengi kwa sababu ameaminiwa. Amekuwa somo, yaani mfunzi, wa maharusi, ameosha maiti, amekaa na wafiwa. Aliloambiwa na mwari wake chumbani ni amana, na muosha hufunzwa kutosimulia aibu aliyoiona mwilini. Mwandishi akimfanya bibi aimwage siri hiyo ili fumbo lifumbuke, ameandika habari za mmbea, hata kama muuaji kapatikana.

Wanaokubali hujibu kwa ramani ya nyumba. Mpelelezi mwanamme hukaribishwa kahawa barazani, uani hafiki. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Kifo kikidhaniwa cha kawaida, aliyefariki alfajiri huweza kuwa kazikwa kabla ya alasiri, na ushahidi uliobaki ni ule walioushika wanawake kwa macho. Hapo bila bibi hakuna hadithi.

Mimi niko upande wa bibi, kwa sharti moja: fumbo lifumbuliwe kwa vitu vilivyo wazi kwa kila mtu, ambavyo yeye ndiye anayejua kuvisoma.

Chukua maji ya bahari. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, wanawake wa mwani huteremka wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakikauka mbali kwenye saa nne asubuhi. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo mshukiwa akisema tarehe 8 Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, saa nne asubuhi, alikuwa akifunga mwani, bibi hahitaji siri ya mtu: siku hiyo ni maji mafu, yasiyokauka mbali, na saa hiyo yamejaa. Waandishi huharibikiwa hapa kwa sababu huhesabu kwa kalenda ya ukutani na kuusahau mwezi. Msomaji wa Jambiani atakifunga kitabu.

Au kanga. Jina la kanga peke yake si ushahidi, maana jina moja huchapwa kwa wingi na huvaliwa Unguja na Pemba. Lakini doti huuzwa vipande viwili vimeshikana, mnunuzi hukata na kupinda mwenyewe. Mkato ukienda upande, kilichozidi kipande hiki kimepungua kile. Rangi ya uzi nayo, na mshono wa mkono au wa cherehani, husema vimepindwa na nani. Kipande kimoja kikiokotwa kisimani, bibi atakitafuta chenzake kwenye kamba za kuanikia nguo, bila kufungua sanduku la mtu.

Linabaki la muosha aliyeona alama shingoni, na ndilo gumu kweli. Naona jeraha la dhulma si aibu ya maiti, lakini bibi asilitamke barazani. Amwendee mama wa marehemu, faragha, kisha polisi. Mwandishi asiruke safari hiyo kwa sentensi moja, kwani kusitasita kwa bibi kuna mvuto kuliko mauaji yenyewe.

Na mwisho asiwakusanye washukiwa sebuleni kama wafanyavyo Waingereza. Kumtuhumu mtu mbele ya kadamnasi kutawagawa watu wa mtaa mzima. Amwite mhusika uani baada ya isha, na dada yake awepo. Atandike vile vipande viwili vya kanga juu ya mkeka, mkato kwa mkato, kisha amimine chai na anyamaze.