Moyo ukifanya dokidoki, daktari aelewe nini?

Wajapani wana maneno ya kusemea mwili ambayo ukianza kuyafuatilia huwezi kuacha. Moyo ukienda mbio ni dokidoki, ukishtuka mara moja tu, paa, ni dokin, ukidunda kwa nguvu mpaka unausikia masikioni ni dokundokun, ukipitiliza ni bakubaku, na ukibanwa ghafla na mapenzi au huruma ni kyun. Kichwa kinachopwita ni zukizuki, kinachogonga ni gangan, tumbo la kukata ni kirikiri, lile linalouma kidogokidogo bila kuachia ni shikushiku, na ule ubaridi wa homa unaopanda mgongoni ni zokuzoku. Sisi tungesema ni tanakali za sauti tu, ila angalia vizuri, mengi hapo hayaigi sauti yoyote, tumbo linalouma halina sauti, kinachoigwa ni hisia yenyewe.

Ishu inayobishaniwa ni hii: je, maneno haya yanafaa pale ambapo afya au uhai wa mtu uko hatarini? Japani imeshalijibu hilo mara mbili, kwa majibu mawili yanayoonekana kupingana, na yote yalitokana na tetemeko la ardhi.

La kwanza ni la Januari 1995, lile la Kobe na maeneo ya jirani. Wageni wengi walioishi pale hawakuelewa matangazo, Kijapani cha kiofisi kiliwashinda na Kiingereza hawakukijua, wakabaki hawajui waende wapi na maji yanagawiwa wapi. Baada ya hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Hirosaki wakatengeneza utaratibu wa Kijapani rahisi kwa ajili ya dharura, sentensi fupi, maneno ya kila siku, na mojawapo ya kanuni zake ni kwamba maneno ya kuiga sauti na hisia yaepukwe. Sababu yao inaeleweka kabisa, mgeni anaweza kujua neno "kuuma" toka wiki ya kwanza darasani lakini zukizuki asikutane nalo kwa miaka.

Tetemeko la pili ni la Machi 2011, kaskazini mashariki, Tohoku. Safari hii walioshindwa kuelewa walikuwa Wajapani wenyewe! Madaktari na manesi walitoka mikoa mingine kwenda kusaidia, wakakutana na wazee wanaoeleza maumivu kwa maneno ya lahaja zao, mfano hakahaka kwa moyo kwenda mbio na kuhema, neno ambalo daktari wa Tokyo hakukua nalo. Taasisi ya taifa ya utafiti wa lugha ya Kijapani ikakusanya maneno ya namna hiyo kutoka Aomori, Iwate, Miyagi na Fukushima na mwaka 2012 ikatoa kijitabu ili wahudumu wa afya wakielewe kile wazee wanachosema. Kwa hiyo upande mmoja unasema maneno haya yaondolewe, upande mwingine unasema yakusanywe na daktari ayasome.

Wanaoyatetea wana hoja nzito. Kwanza yana mpangilio. Neno likirudiwa maana yake jambo linaendelea, likiishia na n kama dokin limetokea mara moja. Sauti ya k ikigeuka g kitu kinakuwa kizito, korokoro ni kidogo kinabingirika, gorogoro ni kikubwa. Yaani mgonjwa kwa neno moja anakuwa ameshakuambia aina ya maumivu, uzito wake, na kama yanaendelea au yalipita. Huko kwa wanaotumia Kiingereza ilibidi Ronald Melzack wa chuo cha McGill kule Kanada atengeneze dodoso mwaka 1975 lenye maneno 78 ya maumivu ili mgonjwa achague yanayomfaa, wakati bibi wa Kijapani ameshafika kwa daktari nayo mdomoni.

Hoja yao nyingine ni kwamba hata asiye Mjapani anahisi kitu. Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka 2016, watu wasiojua Kijapani walifundishwa maneno ya kuiga, mengine kwa maana yake ya kweli na mengine kwa maana ya kinyume, na yale ya maana ya kweli wakayakumbuka vizuri zaidi, walipofanya hivyohivyo kwa vivumishi vya kawaida tofauti haikuwepo. Mimi huo utafiti naukubali. Ila watu wanauvuta kupita pale unapofika, maana kukumbuka neno ulilofundishwa sio sawa na kulielewa mara ya kwanza unapolisikia kwa mtu anayelia kitandani.

Na hapo ndo upande wa pili unapata nguvu. Chukua piripiri. Mswahili akisikia piripiri anafikiria pilipili, na kweli neno hilo la Kijapani linatumika kwa mwasho wa chakula kikali, lakini pilipili yetu imetoka mbali, ina undugu na filfili ya Kiarabu na imeanzia India, kufanana na piripiri ni bahati tu. Afu piripiri hiyohiyo Mjapani anaisema kwa ngozi inayochonyota na hata kwa watu wenye wasiwasi na hasira za karibu. Gorogoro ndo usiseme, ni radi, ni tumbo linalonguruma, ni jicho lililoingia mchanga, ni mtu aliyejilaza nyumbani siku nzima. Na dokidoki yenyewe ni ya mtu anayesubiri mchumba, ya anayesubiri majibu ya mtihani, na ya mtu ambaye mapigo ya moyo yamevurugika na anahitaji kipimo leo.

Sisi wenyewe tunatoa mfano mzuri hapa. Mark Dingemanse, mtafiti wa maneno ya aina hii, mwaka 2012 alipendekeza kwamba lugha huyapanga kwa ngazi, zinaanza na sauti, zinapanda kwenye mwendo, kisha vinavyoonekana, na hisia za ndani ya mtu zinakuja mwisho kabisa. Kiswahili kina chubwi na paa na kina nyekundu pyu na nyeupe pe, lakini maumivu tumeyaweka kwenye vitenzi: kichwa kinawanga, jipu linapwita, tumbo linasokota, koo linakereketa. Ukimwambia nesi wa Tanga kichwa kinaniwanga hahitaji maelezo, ila mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani atakukodolea macho. Kumbe ugumu wa zukizuki hautokani na kuiga, unatokana na kwamba ni neno la mtu wa nyumbani, na kila lugha inayo sehemu hiyo, Japani wameiweka tu mahali panapoonekana haraka.

Ndo maana naona yale majibu mawili ya matetemeko hayapingani kama watu wanavyodhani, yanahusu watu wawili tofauti. Anayetangaza, anayeandika maelekezo ya dawa, anayewaambia watu wakimbilie wapi, huyo ayaache kabisa, kwa sababu yeye ndo mwenye nafasi ya kuchagua maneno. Anayeumwa asiguswe. Mzee wa miaka themanini kwenye maumivu hana nguvu ya kutafuta neno rahisi, na akilazimishwa atasema tu "inauma", hapo daktari ameshapoteza nusu ya habari.

Na hili lina watu halisi. Tangu 2008 Japani inapokea wauguzi na watunza wazee kutoka Indonesia, kisha Ufilipino na Vietnam wakafuata, kwa makubaliano ya kiuchumi, na wanaotaka kubaki kwa utaratibu huo wanatakiwa wafaulu mtihani wa taifa kwa Kijapani. Wanasoma majina ya magonjwa, afu zamu ya usiku bibi anawaambia chikuchiku. Kuwashauri wakwepe maneno haya ni kuwaonea, na kuwaambia watayahisi tu kwa sauti ni kuwaonea pia. Wafundishwe kama sehemu ya kazi, na kwa vitendo: chikuchiku, ncha ya kidole inachoma mkono haraka haraka, shikushiku, kiganja kinakandamiza tumbo polepole bila kuachia. Kwa dokidoki njia ipo tayari na madaktari wa nchi nyingi wanaijua, unamwambia mgonjwa agonge mezani kwa kidole vile moyo wake ulivyokuwa unapiga, na hapo unasikia kama mapigo yanakwenda sawasawa au yanarukaruka, afu unauliza yalianza ghafla au taratibu, na kama alihisi kuzimia.