Asilimia iliyo ndani ya kizimba cha samaki

Muulize mtoto wa Gredi ya 4 hapa Kisumu angependa kuwa nani akikua, atakujibu bila kusita: daktari, rubani, wakili. Muulize ni somo gani litakalomfikisha huko, atakutazama tu. Swali la kwanza tumelizoea. La pili hatuliulizi, na kwangu ndilo lenye uzito.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, katika mikondo waliyoichagua wakiwa Gredi ya 9: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, au ule wa sanaa na michezo. Lakini mtoto hangoji Gredi ya 9 ndipo aichukie hesabu. Huanza kuikimbia mapema, pale anapoamua kimoyomoyo kwamba sehemu na desimali ni mambo ya mtihani.

Na kazi zenyewe tunazo mlangoni! Chukua vizimba vya kufugia ngege (tilapia) katika Ziwa Victoria. Mfugaji hawezi kuwapima samaki wote, kwa hiyo huchota wachache kwa wavu, akawapima, akatafuta wastani. Tuseme wastani ni gramu 100 na kizimba kina samaki 1,000: hizo ni kilo 100. Akiwalisha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, anahitaji kilo 3 za chakula. Akizidisha, chakula kinazama, kinaoza na kuchafua maji, na pesa zake zimezama vilevile. Akipunja, samaki wanadumaa. Mtoto wa Gredi ya 6 anaiweza hesabu hiyo, tena akaiunganisha na somo la sayansi, maana kinachooza majini hula oksijeni ya samaki. Kwa nini basi kila mfano wa asilimia ubaoni uwe riba ya benki?

Najua kuna wazazi watakaokasirika. Mtu amevua samaki maisha yake yote, akauza hadi nyavu ili alipe karo, halafu mwalimu anamrudisha mwanawe ufuoni? Uchungu huo nauheshimu. Ila hesabu ya kizimba haimfungi mtoto kizimbani. Muuguzi anayempimia mtoto dawa huanza na mizani vilevile: kilo ngapi, miligramu ngapi kwa kila kilo. Yule anayetaka udaktari anaihitaji hesabu hii kuliko hata mwana wa mvuvi, na ni vyema aambiwe hivyo waziwazi, akiwa bado mdogo.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Kila muhula mwalikeni mzazi mmoja darasani: mfugaji wa samaki, fundi wa mashua kutoka ufuo wa Dunga, fundi cherehani, muuguzi wa zahanati ya jirani. Msimwombe hotuba ya kuwatia watoto moyo. Hizo wamezisikia tele. Aje na mizani yake au futi yake ya kupimia, na hesabu moja aliyoifanya kazini wiki hiyo. Aiandike ubaoni nusu, watoto waimalize.