Datsun 240Z haihitaji matairi ya inchi 17

Ukiwa na Datsun 240Z, gari la spoti la zamani, hapa Nairobi, hutakosa mtu wa kukushauri utoe rimu za inchi 14 uweke za 17. "Itakaa fiti," wanasema. Itakaa, sibishi. Balaa huanza ikitembea.

Gari hili lilitoka Japani na matairi ya 175 HR 14 kwenye rimu za chuma zenye upana wa inchi nne na nusu tu. Kwa macho ya leo ni kama limevalishwa matairi ya baiskeli. Lakini pima ukuta wa tairi lile, kutoka ukingo wa rimu hadi sehemu inayokanyaga lami: ni karibu milimita 140. Weka 225/45 R17, yaani upana wa milimita 225, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo na rimu ya inchi 17, na utabaki na milimita 101. Kimo cha tairi zima ni karibu kilekile, kwa hiyo spidomita haitadanganya sana. Kilichopungua ni mpira na upepo wa kumeza mashimo. Waliolibuni gari hili waliuhesabu ukuta ule mrefu pamoja na springi na shokamzoba. Ukiupunguza, kila tuta litakufikia kiunoni, na fundi wa kunyoosha rimu atakuwa rafiki yako wa karibu.

Na si gari la kuogopa njia mbaya. Lilishinda Safari Rally mara mbili: 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, Hans Schüller akiwa msoma ramani, kisha 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka ambao Mehta alilingana pointi na Harry Källström wa Datsun 180B na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni za kuvunja sare. Tazama picha za miaka ile uone kama kuna aliyekwenda kuvuka matope na mawe kwa tairi lenye ukuta wa vidole vitano.

Shida ya kweli ni kwamba tairi zuri la inchi 14 ni adimu. Ingia duka lolote Barabara ya Kirinyaga uulize, na uwezekano ni mkubwa utaonyeshwa 185 R14C. Hiyo herufi C mwishoni ndiyo ya kuangalia. Hilo ni tairi la gari la mizigo, kuta zake zimekazwa ili zibebe magunia kwa presha ya psi 50 au zaidi. Muuzaji atakuambia linaingia kwenye rimu na halipati pancha ovyo, na hakudanganyi. Ila 240Z ina uzito wa tani moja na kidogo. Haina uzito wa kulilainisha tairi la namna hiyo, hivyo litarukaruka kwenye barabara ya mabati na kuteleza mvua ikinyesha. Kwa gari la spoti, hapana kabisa.

Ukitaka kubaki na inchi 14, tafuta 195/70 R14 yenye herufi H ya mwendo, yaani kikomo cha kilomita 210 kwa saa. Gari lenyewe linafika kama 200. Mimi nasimama na 195/65 R15. Kimo chake ni milimita 634, tairi la asili ni kama 635, na kwa sababu Premio na Allion nyingi hutumia saizi hiyohiyo, utalipata hata Voi Jumapili jioni. Usichukue tu lile la bei ya chini kabisa: mengi yametengenezwa yadumu kilomita nyingi, na mpira wa kudumu sana kwa kawaida haushiki sana lami yenye maji. Juu ya 205 sikushauri. Nyuma tairi huanza kusogelea kikombe cha springi, na mbele usukani hauna pawa. Jaribu kuliegesha gari lenye matairi mapana katikati ya mji, mabega yako yatatoa uamuzi.

Sasa upepo, ambao unabadilisha tabia ya gari kuliko wengi wanavyodhani na haugharimu kitu. Kitabu cha gari kinasema psi 28 mbele na nyuma. Kwenye kituo cha mafuta kijana atakuuliza, "Niweke ngapi, mdosi?" na kabla hujajibu ameshafika 35. Wengine husoma namba iliyoandikwa kwenye ukuta wa tairi, 44 au 51, wakadhani ndiyo inayotakiwa. Ile ni ya mwisho, ya kutovuka. Tairi la 195/65 R15 lenye namba 91 ya uwezo wa kubeba hubeba kilo 615. Manne ni kilo 2,460. 240Z ikiwa na watu wawili na mabegi yao haifiki 1,300. Unalijazia 35 libebe nini? Litavimba katikati, liguse lami kwa kipande kidogo tu, kisha utalalamika kwamba gari la zamani halina breki.

Anza na 28 pande zote. Buti likijaa na safari ni ndefu, ongeza 2 nyuma. Ukiona pua inachelewa kuingia kona, jaribu 30 mbele, lakini badilisha kidogo kidogo ili ujue ni nini kilichofanya kazi. Chora mstari wa chaki kukata upana wa tairi, endesha mita mia chache barabara iliyonyooka, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati kwanza, upepo umezidi. Ikifutika pembeni, umepungua. Pima asubuhi kabla gari halijasogea, kwa geji yako mwenyewe. Ile ya kituo imeangushwa chini mara nyingi kuliko unavyotaka kujua. Na ukikuta psi 32 Mtito Andei baada ya mwendo wa saa kadhaa, usipunguze. Ni joto tu.

Kuna watu wanaosisitiza kwamba ukishuka Mombasa lazima upime upya kwa sababu ya mwinuko. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari, na kweli, kwa mwinuko peke yake geji itasoma karibu psi 3 chini ukifika pwani. Lakini asubuhi ya Nairobi yenye nyuzi 15 si sawa na Mombasa ya nyuzi 30, na joto hilo linarudisha kama psi 2. Baki ni psi moja. Nenda ukale viazi karai.

Jambo la mwisho ni umri, maana magari haya hulala sana. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umekwisha kuwa mgumu. Tafuta neno DOT ukutani: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Michelin wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama linaonekana zima. Kagua na spea iliyo chini ya sakafu ya buti, kwa sababu aliyekuuzia gari hakuigusa.