Mchoma mkaa hana wa kumtetea

Jioni, kwenye kibanda cha mkaa Manzese au Mbagala jijini Dar es Salaam, utamkuta mama amekuja na ndoo ambayo haitajaa. Anapimiwa makopo mawili, analipa, anawahi kwenda kubandika maharage. Kesho atarudi. Si kwamba hajui hesabu. Anajua kabisa kuwa ukijumlisha makopo ya mwezi mzima, mtungi wa gesi pengine ungekuwa nafuu. Ila hela ya mwezi mzima haijawahi kukaa mkononi mwake kwa mkupuo. Aliyonayo ni ya leo.

Mama huyu, pamoja na mtu aliyeuchoma ule mkaa huko porini, ndio wanaosemwa sana bila kuulizwa siku hizi. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wameiacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zilishaagizwa kubadilika. Hoja za upande huu ni nzito na sitazibeza. Takwimu inayotajwa na serikali yenyewe ni vifo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi na hewa chafu ya jikoni, na wanaoivuta zaidi ni wanawake na watoto wao wadogo. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi huua watu wakiwa usingizini. Anayesema gesi na umeme ni bora kwa mapafu ya mpishi yuko sahihi, tumalize hapo.

Ninapokwama ni pale afya ya jikoni inapogeuzwa kuwa kesi dhidi ya mchoma mkaa kuhusu msitu. Hapo kuna namba moja inayonikera: hekta 469,000. Kila mkutano utaambiwa Tanzania inapoteza msitu wa ukubwa huo kwa mwaka, na kabla hujameza mate utaonyeshwa picha ya magunia ya lumbesa yamefungwa kwenye pikipiki. Namba na picha vimewekwa pamoja mpaka watu wanaamini moja imeizaa nyingine. Kumbe namba hiyo ilitokana na vipimo vya kati ya 2002 na 2013, na ilichopima ni mahali ambapo msitu ulitoweka. Haikupima nani aliyeuondoa.

Sasa nenda kwenye misitu ya miombo uangalie. Mti wa mtondoro au myombo ukikatwa kwa mkaa na kisiki kikaachwa, mvua zikinyesha kinachipua. Miaka michache baadaye machipukizi yamempita mtu urefu. Lakini palipolimwa mahindi, visiki huchomwa moto au kung'olewa, na chipukizi lililobahatika hukutana na jembe msimu unaofuata. Msitu wa kwanza umenyolewa nywele, wa pili umechunwa ngozi. Watafiti waliokagua maeneo yaliyofyekwa nchini, katika utafiti uliochapishwa 2020, walikuta kilimo ndicho chanzo kikuu, na kati ya mazao yote mahindi ndiyo yaliyoongoza. Mara nyingi mkaa hutoka kwenye shamba lilelile: mtu anafyeka apande, magogo yamelala, afadhali ayachome auze kuliko yaliwe na mchwa. Ukilikamata gunia lake getini umemnyima hela ya mkaa, ila mti ulishaanguka kwa ajili ya ugali. Na ugali hakuna aliyewahi kuupiga marufuku.

Simsafishi mchoma mkaa kwa dodoki. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani kabisa na Dar es Salaam, imeumizwa na tanuri, si na mahindi peke yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilionyesha kaya za Dar zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007. Jiji linalokua namna hiyo, likinunua kila linacholetewa, litakula msitu wowote usio na mwenyewe.

Usio na mwenyewe, nasema, maana wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kulifanyika jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Kuanzia 2012, kwa msaada wa fedha za Uswisi, vijiji kadhaa vilivyokuwa na misitu yao vilipimiwa vitalu vya kuchoma mkaa. Kitalu kimoja ni mita 50 kwa 50. Vimepangwa kama ubao wa drafti: hiki kinavunwa, kinachopakana nacho kinaachwa kisimame. Eneo lote limegawanywa kwa miaka 24, ili kilichokatwa leo kisiguswe tena mpaka miti irudi. Mti haukatwi usawa wa ardhi, kisiki kinabakizwa kirefu kiasi ili kichipue. Kando ya mto hapaguswi, mlimani hapaguswi, miti ya mbao inaachwa. Tanuri linapangwa vizuri zaidi, magogo yanakaushwa kwanza, yanafukiwa kwa udongo, tanuri likifuata mwelekeo wa upepo, mkaa unaotoka kwa gogo lilelile unaongezeka.

Kilicho kikubwa kuliko vipimo vyote hivyo ni ushuru. Kila gunia linaacha fedha kwenye akaunti ya kijiji, na mkutano mkuu unaamua zifanye nini: darasa, zahanati, kisima, posho ya wanaodoria msituni. Kwa mara ya kwanza msitu ulikuwa na jibu pale mtu aliposimama mkutanoni na kuomba ekari za kupanua shamba la ufuta. Zamani jibu lilikuwa "maliasili wamekataza", na hilo halijawahi kumzuia mwenye panga.

Ndiyo maana marufuku hainishawishi. Tanzania iliijaribu 2006, ikadumu muda mfupi, bei ikapaa, jiji likaendelea kupika. Kenya ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, ikaja kulegeza 2023. Uganda nayo ilizuia biashara ya mkaa kaskazini mwaka 2023. Ripoti ile ya 2009 ilikadiria biashara ya mkaa Tanzania kuwa ya dola milioni 650 kwa mwaka, zaidi ya kahawa na chai zikiunganishwa, huku serikali ikikosa mapato ya kama dola milioni 100 kwa sababu sehemu kubwa ilipita vichochoroni. Biashara ya ukubwa huo haifi kwa tamko. Inahamia usiku, na mchomaji aliyekuwa akipata sehemu ndogo ya bei anabaki na ndogo zaidi baada ya kila anayefumba macho njiani kuchukua chake.

Wanaoupinga mfano wa Kilosa wana hoja moja inayoniuma. Mkaa uliolipiwa ushuru ni lazima uwe ghali kuliko ule wa wizi, na ukishamwagwa kwenye kibanda cha Manzese mkaa ni mkaa. Yule mama mwenye ndoo hawezi kuutofautisha, na hata angeweza, angenunua wa bei ndogo. Vijiji vile ni vichache mbele ya tumbo la Dar es Salaam, na usimamizi wake ulitegemea mno mradi. Sina jibu zuri la hapo, zaidi ya kwamba doria inayofukuzana na kila gunia ingeelekezwa kwa magunia yasiyo na kijiji nyuma yake.

Kuhusu gesi, tukumbuke ile ya mtungini huja kwa meli kutoka nje. Gesi yetu wenyewe, ya Songo Songo na Mnazi Bay, kwa sehemu kubwa inafua umeme na kuendesha viwanda, na nyumba zilizounganishwa kwa bomba bado ni chache. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unanipa matumaini zaidi, ikiwa majiko yake yatauzwa kwa mtindo wa kulipa kidogo kidogo, kama yule mama anavyolipia makopo ya mkaa.

Tuseme basi mkakati umefaulu, 2034 imefika na miji haitaki mkaa tena. Kitalu kilichovunwa 2013 kitakuwa kimebakiza miaka mitatu kifikie zamu yake ya pili. Miti itakuwa imenenepa, mnunuzi hayupo, na kwenye mkutano wa kijiji kuna kijana ananyoosha mkono anaomba shamba. Katika yote niliyosoma kuhusu nishati safi, sijaona palipoandikwa mwenyekiti amjibu nini.