Zima Taa, Tafuta Saa

Binti wa mjomba amefika kwangu kutoka Arua na begi la madaftari ambalo boda alilipakia kwa manung'uniko. Amemaliza Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, anataka sheria Makerere, na huko alama nzuri za UNEB, baraza la mitihani ya taifa, peke yake hazikufikishi darasani: kuna mtihani wa kuchuja, na usipopata 50 kwa 100 umebaki nje. Tangu aje, taa ya sebuleni inazimwa saa nane za usiku. Mama anamsifu kwenye simu kwamba mtoto anasoma kweli. Mimi nikimwona asubuhi, macho mekundu, chai imepoa mbele yake, najikumbuka.

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani ule nilikuwa nimekariri vifungu vya Katiba ya 1995 kama mtoto wa madrasa. Usiku wa kuamkia mtihani nililala kwa muda wa saa tatu tu hivi. Nikafungua karatasi, nikakuta kifungu kirefu cha ufahamu, nikakisoma mara nne, kwa heshima zote, kana kwamba mwandishi wake alikuwa amekaa mbele yangu. Msimamizi alipotangaza zimebaki dakika kumi, nilikuwa na kurasa mbili sijazigusa. Katiba yangu yote ikarudi nyumbani kichwani, haijaulizwa hata neno.

Nilichokosa ni mwendo. Maarifa nilikuwa nayo. Shule zetu zinatufundisha kumeza na kutapika, kisha siku moja unapewa karatasi inayotaka uamue haraka: hili nalijibu, hili naliruka, hapa nimetegwa. Chukua mfano huu. Kila boda wa steji yetu huvaa helmeti. Yule pale amevaa helmeti. Basi yule ni wa steji yetu. Ukiwa umelala vizuri unacheka. Ukiwa umekesha, unaweka alama ya vema na kusonga mbele.

Mwaka uliofuata nilianza kufanya maswali ya LSAT, mtihani wa Wamarekani wa kuingia vyuo vya sheria. Si mtihani wetu, na haufanani nao kwa kila kitu. Ila kila sehemu yake ya kuchagua jibu ni dakika 35, na sehemu ya hoja ina maswali kama 25, yaani hupati hata dakika moja na nusu kwa swali. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujidhulumu. Mazoezi hayo yalinifundisha aibu yenye faida: nilikuwa napoteza dakika tano nikibishana na swali moja, na bado nalikosa.

Wiki mbili za mwanzo sikutumia saa kabisa. Nilifanya maswali machache, nikajilazimisha kueleza kwa nini kila jibu la uongo ni la uongo. Kazi hiyo inachosha kuliko kukesha, jaribu uone. Saa nikaileta baadaye: sehemu moja asubuhi, simu mbali, kisha muda mrefu zaidi wa kukagua makosa kuliko niliotumia kujibu. Daftari la makosa likawa kitabu changu kikubwa. Jumapili sikugusa kitu. Nilikwenda Wandegeya, mtaa wa Kampala, kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na kusikiliza watu wakibishana mpira.

Kuna jambo ambalo sisi tuliokulia Kiswahili na Kilugbara hatupendi kulisema. Mtihani ni wa Kiingereza, na tunasoma polepole kwa sababu kichwa kinatafsiri njiani. Ugonjwa huo hautibiki kwa wiki tatu. Dawa niliyoipata ni ndogo: tahariri moja ya gazeti kila siku, nikiimaliza naifunika na kumweleza mtu kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, mwandishi anataka nini. Nikishindwa, sikuielewa, hata kama macho yalifika mwisho.

Na vile vipamfleti vya "maswali yatakayotoka"? Nilinunua vitatu. Hakuna hata swali moja lililotoka. Ramli ni ramli, hata ikitolewa fotokopi.

Najua utaniambia fulani alikesha akapita. Wapo. Wapo pia waliopita bila kusoma, na hatuwafanyi walimu. Mtoto wa mjomba naye kanijibu hivyohivyo jana, kwa adabu: "Dada, wewe si ulirudia?" Nilirudia, ndiyo. Ndiyo maana leo nimempokonya chaja ya taa, nikamwekea kengele ya dakika 35 kwenye simu yangu, nikamwambia aanze saa tatu asubuhi akishakula katogo, ndizi zetu za kupika za asubuhi. Alimaliza maswali 16. Kesho tunakagua yale tisa ambayo hakuyafikia.